Unga wa Kusimama

Mama yangu alinenepa mashavu katika msimu ambao sisi wengine wote wa kambi ya Rubondo tulikonda. Mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa tena, mvua ilikuwa imetupiga chenga, na maharage kwenye ploti zetu yalikauka kabla ya kutoa maua. Mimi nilikuwa nimetoboa tundu jipya kwenye mkanda wangu kwa msumari. Yeye uso wake ulikuwa wa mviringo, unang'aa, na majirani walimsifia. Kwetu Kivu ya Kusini mtu akinenepa tunasema amepata amani, kwa hiyo waliokutana naye njiani walimwambia, "Mama, amani imekuona." Alicheka. Mimi sikucheka, na sikujua bado kwa nini.

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa namwinua mkekani kila asubuhi kwa kumshika makwapa. Magoti na mgongo vilikuwa vimemkataa. Alikuwa mwanamke wa jembe tangu utotoni, na kukaa kitako mlangoni akitazama wenzake wakielekea shambani kulimuuma kuliko magoti yenyewe. Kisha akaja mzee mmoja kutoka upande wa Ngarama, na pikipiki yake, siku ya soko. Aliuza unga wa kahawia ndani ya mikebe iliyokuwa ya nyanya. Alisema ni mizizi na magome, mimea mitupu, dawa ya mababu. Watu waliuita unga wa kusimama, maana ndivyo ulivyofanya. Mama alilamba kijiko asubuhi na kijiko jioni, na kabla wiki haijaisha aliamka mwenyewe, akajifunga kitenge, akachukua jembe.

Hakuwa peke yake. Jirani yetu, mjane wa rika lake, alinunua mkebe siku ileile. Wawili hao walikuwa wamekimbia pamoja, wamelala chini ya turubai moja walipofika, na kanisani waliimba wamesimama bega kwa bega. Sasa wakawa wanakwenda kisimani pamoja tena, kila mmoja na dumu lake kichwani, wakibishana njia nzima nani ana sauti mbaya kwenye kwaya. Niliwatazama nikafurahi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli: mwanzoni nilifurahi kama kila mtu.

Halafu nikaanza kuona mambo. Kamba ya dumu ilimwachia mama alama ya bluu mkononi, na alama hiyo haikuondoka. Jembe lilimparuza muundi kidogo tu, na kidonda kikakaa wiki tatu kikiwa kimefunguka mdomo. Ngozi ya mikono ikawa nyembamba mpaka nikahisi nikimshika kwa nguvu itachanika. Nyuma ya shingo palivimba kinundu laini. Alikunywa maji kupita kiasi. Nilipomwambia, alinitazama kwa macho yaliyozama katikati ya yale mashavu, akaniita papa, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao.

"Papa, unataka nirudilie kwenye mkeka? Miye niko mzima. Wewe ndo unakonda, hauone?"

Nina hasira za karibu, sikatai. Nilifundisha kemia kwetu kabla ya vita kutufukuza, na hapa kambini naifundisha tena, kwenye darasa ambalo vifaa vya maabara ni chupa za soda. Kuna wanaume wanaoumia kwa kupoteza ng'ombe au nyumba. Mimi niliumia kwa kupoteza heshima ya kuwa mtu anayejua. Kwa hiyo niliposhuku ule unga, nilishuku kama mwalimu: nilitaka jina la kitu kilichomo ndani yake. Nilichota vijiko viwili mama akiwa shambani, nikavifunga kwenye karatasi ya daftari, nikapanda gari la Mbarara.

Huko Mbarara nina rafiki, Mrundi, tuliyekaa naye hapa kambini kabla hajapata kazi kwenye maabara moja mjini. Alinipokea kwa mlango wa nyuma. Tuliloweka unga kwenye pombe kali ya maabara, tukauchuja, tukadondoshea tone kwenye kibao kidogo cha kioo kilichopakwa poda nyeupe. Kando yake tulidondoshea tone jingine, la kidonge cha deksamethazoni, dawa ya uvimbe na maumivu niliyoishuku, ambacho duka lolote la dawa linacho. Kisha tukakisimamisha kibao ndani ya mtungi wenye kimiminika kidogo chini, tukangoja kimiminika kikipanda taratibu na kubeba kila kitu kadiri ya uwezo wake. Tulipokiweka chini ya taa, kibao kizima kiling'aa kijani, na juu yake palikuwa na madoa meusi mawili, yamesimama sawasawa.

"Prof, angalia," rafiki yangu akasema. "Ile ya mzee na hii ya kidonge, zote zimepanda fasi moja."

Nilifurahi. Aibu hiyo naiandika hapa: mbele ya doa lililoonyesha kwamba mama yangu analishwa dawa ya kiwandani bila kujua, nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimepatia. Nilimpa rafiki yangu somo zima palepale, ingawa yeye analijua kuliko mimi. Nilichora ubaoni zile pete nne, tatu za pembe sita na moja ya pembe tano, zimepakana kama mashamba manne yanayotumia ua mmoja. Mwili wenyewe hutengeneza kitu cha namna hiyo, kidogo sana kila asubuhi, kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Watu walipotaka kukitengeneza nje ya mwili walianza na nyongo ya ng'ombe. Walihitaji ndoo na ndoo za nyongo na hatua zaidi ya thelathini kupata unga wa kujaza ncha ya kisu. Baadaye wakagundua kwamba kuna viazi vikuu vya porini vyenye pete zilezile nne, na hata majimaji ya katani, yale yanayomwagwa mashine ikishakwangua nyuzi. Wakaweka kuvu ndani ya matangi makubwa, wakailisha, nayo ikabandika oksijeni kwenye kaboni ya kumi na moja, mahali ambapo mkono wa mwanakemia ulikuwa umehangaika miaka. Kisha wakang'oa haidrojeni mbili kwenye pete ya kwanza, na dawa ikapata nguvu mara kadhaa. Wakapachika floraini kwenye kaboni ya tisa, wakaongeza kaboni moja pembeni kwenye ile ya kumi na sita, na hapo ikazaliwa deksamethazoni, ambayo chembe yake ndogo inafanya kazi ya rundo la ile ya mwili.

"Mzee yule anaapa ni mimea mitupu," nikasema, nikicheka. "Na kwa mbali hajadanganya. Ilianzia kwenye mmea, ikapita kiwandani, ikarudi kujificha kwenye magome."

Rafiki yangu hakucheka. Alikuwa anafuta ubao. "Sasa mama ameitumia muda gani?"

"Miezi mitano. Sita."

"Basi asiache gafla, prof. Umupeleke kwanza hospitali, wakuwe wanamupunguzia polepole."

Nilimsikia. Ningependa kuandika kwamba kulikuwa na kelele nje, kwamba gari lilikuwa linaondoka, kwamba sikuelewa. Nilimsikia vizuri. Lakini nilikuwa tayari na sentensi yangu kichwani, nzuri, ya kusimama nayo mbele ya watu, na sikutaka iharibike. Nikamjibu, "Sumu haipunguzwi, sumu inamwagwa." Akanifungulia mlango.

Lazima nieleze desturi ya kanisa letu. Mtu anayeacha kitu, iwe hirizi, kiko cha tumbaku au dawa ya mganga, hakitupi kichakani peke yake. Anakileta mbele Jumapili. Kitambaa kinaondolewa mezani, kitu kinawekwa juu ya mbao tupu, mwenyewe anatamka kwamba hatakirudia, na baada ya ibada kinachomwa nyuma ya kanisa huku watu wakiimba. Ukishatamka, umetamka. Nimewahi kuona mzee akifa akiomba tumbaku, na wanawe wakimnyima kwa machozi, kwa sababu alikuwa ameiweka mezani.

Jumapili ile mchungaji alinipa nafasi nizungumze. Nilichora zile pete nne kwenye ubao wa nyimbo. Nilisema ni kiwanda ndani ya mkebe, ni uongo uliovikwa magome. Nilizungumza vizuri. Nikamalizia na sentensi yangu, na kanisa likaitikia kwa amina. Mama alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Alikuja na mkebe wake mikononi akilia, si kwa toba, bali kwa aibu kwamba mwanawe amemwambia mbele ya watu alichopaswa kumwambia jikoni. Jirani yetu alitoka kwenye mstari wa kwaya akamfuata, na nyuma yao wakaja wengine wawili. Mama na jirani walishikana mikono juu ya meza.

"Sitairudisha tena mu kinywa changu," mama akasema.

"Hata miye," jirani akasema. "Kama yeye ataiacha, na miye nimeiacha."

Tulichoma mikebe minne. Moshi wake ulikuwa mchungu, ukatukalia kooni mpaka jioni.

Jumatatu mama alilima. Jumanne alisema viungo vyote vinamuuma, hata vidole vya miguu. Jumatano alikataa ugali, akatapika chai. Watu waliokuja kumjulia hali walisema mwili unajisafisha, na mimi nilikubaliana nao, tena nilieleza kwa maneno ya kitaalamu jinsi sumu inavyotoka. Alhamisi alikuwa akikaa anaona giza, akilala anatetemeka. Nilikaa kando yake nikimpangusa jasho, na ile sauti ya rafiki yangu ilikuwa inarudi kila nikifumba macho, nami kila mara naifukuza. Niliogopa kuwa nimekosea kuliko nilivyoogopa kumpoteza. Sijui namna nyingine ya kusema jambo hili.

Ijumaa asubuhi alijikokota nje nikiwa nachemsha maji, akaanguka kwenye njia ya kisimani. Nilimkuta uso umelala kwenye vumbi, mashavu bado yamejaa, midomo ya rangi ya majivu. Kituo cha afya hapa walimpima presha mara mbili kwa kutoamini jinsi ilivyoshuka, wakaita gari la wagonjwa. Njia yote ya Mbarara nilishikilia kichwa chake kisigonge chuma.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa Kinyankole, mfupi, mwenye sauti isiyopanda. Alimfunua mama mikono, akaona zile alama za bluu. Alimgusa kinundu cha shingoni. Akanigeukia.

"Huyu mama alikuwa nakunywa dawa gani?"

Nikamwambia. Nilimtajia hadi floraini.

"Na nani aliambia yeye aache?"

"Mimi."

Hakunigombeza. Ningemshukuru kama angenigombeza. Alimchoma sindano ya haidrokotizoni, ileile ambayo tezi za mwili hujitengenezea, na huku anatazama matone ya maji yakishuka kwenye mpira akanieleza kwa maneno machache. "Wewe naletea mwili dawa ya nje miezi mingi, ile ya ndani nalala. Sasa umetoa ya nje siku moja. Ya ndani bado nalala. Mtu nabaki na nini?"

Nilikaa kwenye benchi la korido nikarudia swali lile. Nilijua jina la kila kaboni ya kitu kile. Nilijua kilikotoka na nani alikibandika nini. Sikuwahi kujiuliza mwili unafanya nini ukisikia mgeni ameshika kazi yake kila siku, asubuhi na jioni: unaacha kazi. Kijana wangu yeyote wa kidato cha tatu angeniuliza swali hilo kama ningempa nafasi ya kuniuliza.

Kesho yake mama alifumbua macho na kuomba uji. Daktari akasema sindano zitakwisha Jumapili, kisha ataanza vidonge, na vidonge hivyo atavimeza miezi mingi, vikipunguzwa robo kwa robo, mpaka tezi ziamke. Zikikataa kuamka, atavimeza maisha yake yote. Muuguzi akaleta pakiti. Mama aliigeuzageuza mkononi.

"Ni ya namna gani hii?"

Nilitamani kudanganya, lakini nilikuwa nimechoka na ujanja wangu. "Ni ndugu yake ile ya mkebe, mama. Pete zilezile."

Akaiweka juu ya blanketi. "Niliapa, papa. Pa meza. Wewe ulikuwa pale."

Nilimwomba. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya wadi, wagonjwa wengine wakitazama. Nilimwambia nilikosea, kwamba nadhiri ile ilikuwa yangu na siyo yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo mimi, mwenye kichwa kilichojaa, sikuwa nimejiuliza tangu Jumapili.

"Na mwenzangu? Yeye iko namna gani?"

Sikuwa nimemkumbuka. Nilisimama, nikaanza kuitafuta simu yangu.

Aliona. Akafungua pakiti, akahesabu vidonge nusu kwa nusu, akachana pembe ya kitenge chake kwa meno, akavifunga humo fundo. "Mupelekee. Tuliapa mikono pamoja. Yeye akimeza, na miye nitameza. Bila yeye, hapana."

Daktari aliandika barua kwa kituo cha afya na kusema wote walioacha waletwe leo, si kesho. Nilimpigia mchungaji njia nzima. Simu yake ilikuwa imezimwa. Gari lilisimama kila mahali kupakia ndizi na watu, na mimi nilikaa na fundo lile ndani ya kiganja, nimelikaba. Niliposhuka Rubondo nilisikia kwaya kabla ya kuona mtu. Walikuwa wanaimba wimbo wa mazishi. Nikajiambia kwamba watu hufa kila wiki katika kambi kubwa kama hii, kwamba inaweza kuwa mtu yeyote. Nilijiambia hivyo mpaka nikafika kwenye kona ya ploti yetu na kuona wamechimba ng'ambo ya njia, kwenye ua wa jirani.

Alikuwa amekufa Ijumaa mchana. Waumini walikuwa wamefunga na kumwombea siku mbili, yeye akifunga pamoja nao, hata maji akiyakataa. Mwili unajisafisha, walikuwa wakimwambia. Mchungaji alikuwa anahubiri juu ya udongo uliochimbuliwa. Alisema dada yetu ameondoka safi, bila kuurudia mkebe, na kwamba kama mwalimu wetu alivyotufundisha, sumu haipunguzwi, sumu inamwagwa. Watu wakaitikia amina. Akaniona nimesimama nyuma na begi langu, akaninyooshea mkono. "Mwalimu mwenyewe amefika. Aseme neno."

Nilipita katikati yao. Nilisema kwamba mkebe haukumuua. Nilisema aliyemuua ni mimi, kwa sentensi ile, na kwamba niliambiwa nisifanye hivyo nikafanya. Nilisoma barua ya daktari kwa sauti. Hakuna aliyenitukana. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa nguvu, mwingine akaniambia nikae chini, nimechanganyikiwa kwa uchovu. Lakini wale wawili waliobaki, waliochoma mikebe yao pamoja na mama, nilimshika mmoja kwa mkono huu na mwingine kwa mkono ule, wakiwa karibu hawawezi kusimama, nikawapeleka kituo cha afya kabla kaburi halijafukiwa. Wapo hai hadi leo. Wananisalimia. Huwa naitikia nikiwa nimeangalia chini.

Jumapili nilirudi Mbarara. Mama alikuwa ameketi kitandani, akinisubiri kwa uso mzima.

"Alimeza?"

"Alimeza," nikasema.

Akanyoosha kiganja. Nilimpa kidonge chake na maji, naye akakimeza, akajipangusa mdomo, akasema jirani huyo alikuwa daima mwoga wa vidonge na kwamba angetoa chochote auone uso wake. Nilicheka naye. Fundo la kitenge lilikuwa mfukoni mwangu, halijafunguliwa. Siku tisa alizokaa hospitalini nilimjibu maswali yake juu ya jirani: anaendelea vizuri, amekwenda kisimani, anakusalimu. Kila asubuhi alimeza kwa sababu ya uongo huo. Na kila asubuhi niliona tunakaribia siku ya kurudi.

Gari lilitushusha njiani. Alitembea taratibu, ameniegemea, akitaja mahindi ya nani yamestawi na ya nani yamekauka. Kwenye kona ya ploti yetu alisimama. Ng'ambo ya njia udongo ulikuwa bado mwekundu, na juu yake msalaba wa fito mbili. Mlango wa jirani ulikuwa umefungwa kwa waya.

Nilisema, "Mama."

Aliniachia bega, akasimama mwenyewe. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Fundo langu liko wapi?"

Nililitoa mfukoni. Alilifungua kwa meno, kwa sababu nilikuwa nimelikaba sana, akachagua kidonge kimoja kati ya vile vya mwenzake, akasema, "Hii ni yake," akakitia mdomoni, akakimeza bila maji, akitazama lile kaburi.